Kimya cha Mteremko wa Madale

Tegeta, Dar es Salaam
Jumamosi, 14 Juni 2025

Kaka Projestus,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia, na blanketi alilokuletea dada Monica limekufaa humo gerezani. Sie huku tu wazima. Shemeji yako Gladness anakusalimu sana. Mtoto ameota meno mawili, anang'ata kila anachokishika.

Uliniuliza kama kweli gari la umeme lina nafuu au nimepigwa. Nafuu ipo, kaka. Ile IST yako ilikuwa ikinywa petroli ya elfu thelathini na tano kwa kilomita mia na hamsini. Hili nalichaji nyumbani, na kwa mwendo huo huo linakula umeme wa elfu nane tu. Hakuna kumwaga oili, hakuna plagi. Matairi ndiyo linayamaliza upesi, na betri ikifa sijui nitauza nini. Abiria wanalipendea ukimya wake.

Ukimya huo ndio umenikosesha amani.

Mwezi uliopita nilimchukua Mama Shahbanu, mwenye duka la vitambaa, kutoka kwa binti yake Madale kumrudisha kwake Mbezi Beach. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka. Tulipoanza kushuka mteremko akanigusa bega: "Baba, mpishe mwenye baiskeli, anapiga kengele." Nikatazama vioo vyote. Barabara ilikuwa tupu. Akashikilia kwamba yuko ubavuni kwetu kabisa, hata akauvuta mtandio wake usije ukanaswa.

Nikajiambia ni masikio ya uzee. Jumapili iliyofuata nikampeleka mama yetu kanisani kwa njia hiyo hiyo. Sikuwa nimemsimulia lolote. Pale pale mteremkoni akafungua dirisha, akauliza huyu muuza mikate anakwenda wapi na makengele yote haya. Nikamuuliza amejuaje kuwa ni muuza mikate. Akasema anasikia harufu ya mikate ya moto. Nami nilikuwa naisikia. Kisha akakumbuka marehemu Gaspar alikuwa akiuza nini, akatoa rozari yake, akaisali hadi kanisani.

Kaka, siku tuliyomgonga Gaspar na baiskeli yake pale mteremkoni, wewe ulikuwa umesinzia kiti cha pembeni. Uliposhtuka nilikwambia breki zimekatika zenyewe. Ukajilaumu, kwa kuwa ulizifunga kwa mkono wako. Ukaniamuru tubadilishane viti kwa sababu Gladness alikuwa mjamzito, ukawaambia polisi dereva ni wewe.

Breki zako zilikuwa nzima. Mie ndiye niliyezima injini kule juu ili nibane mafuta, kama nilivyokuwaga nafanya kila usipokuwepo. Injini ikizimwa, breki huwa ngumu kama jiwe. Gari lilishuka kimya, kimya kama hili la sasa, na kengele yake niliisikia tangu mbali. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Halikusimama.

Najua askari ataisoma barua hii kabla yako. Aisome. Jana nilikwenda kwa mjane wa Gaspar nikamweleza yote. Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu, kwa kuwa watu wamekuwa wakimwambia mumewe alikuwa mzembe barabarani: je, alipiga kengele? Nikamjibu alipiga.

Jumatatu asubuhi nakwenda kituo cha polisi. Gladness anajua, na nguo zangu ameshazikunja.

Wasalimie wote mnaolala nao chumba kimoja. Ule vizuri, kaka, na ukiweza, uniombee.

Mdogo wako niliyekukosea,
Venance