Damu Yenye Usingizi

Karatu
2 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na naliandika kabla ya kukuuliza hali, kwa sababu nikianza na salamu najua nitamaliza karatasi nzima kwenye salamu. Ninakula udongo.

Sasa nimelisema. Hujambo, Baba? Mama hajambo? Ng'ombe wamepata majani?

Udongo naupata nyuma ya bweni, pale walipokata ukingo ili waweke tangi la maji. Mvua ikinyesha unatoa harufu, na harufu hiyo inanifuata mpaka darasani. Nachimbua kidogo kwa kijiko, naufunga kwenye leso, naula maktabani nyuma ya rafu ya Jiografia, ambako huwa haji mtu.

Nakuambia hili kwa sababu ya uchovu nilio nao tangu mwaka jana. Si uchovu wa kazi. Unajua asubuhi pale kwetu ukungu unapomwagika kuingia bonde la kreta, ng'ombe wanaonekana lakini kama wa ndotoni? Ndivyo ninavyomwona mwalimu. Anafundisha, nami namsikia kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Nikipanda ngazi za maktaba lazima nisimame katikati, najifanya natazama dirishani.

Resiato, anayelala kitanda cha juu yangu, anasema, "Nasieku, wewe umeolewa na godoro. Mahari alipokea nani?" Wote wanacheka, nami nacheka.

Matroni alinipima malaria, haikuonekana. Akasema basi ni taifodi, nikanywa dawa, nikabaki vilevile. Sasa daktari wa hospitali anataka kuchukua damu zaidi, apime kila kitu kilichomo. Matroni anataka ruhusa yako. Wasichana walipoona naitwa, mmoja akasema, "Anapimwa mimba huyo." Mwenzake akajibu, "Nasieku? Labda mimba ya kitabu." Baba, si hiyo. Naapa.

Daktari hakuniuliza kuhusu udongo, nami sikusema. Nimekuambia wewe tu. Hatuna simu humu, kwa hiyo nampa Piusi barua hii akija na lori lake mnadani.

Mwanao,
Nasieku

*

Nainokanoka
8 Februari 2025

Nasieku mwanangu,

Marahaba. Ng'ombe hawajambo, mbuzi hawajambo, mama yako anakusalimu. Yule ndama mwekundu uliyemwacha hajui kusimama sasa anamsukuma mama yake. Baridi ni ileile ya kwetu.

Nimesoma barua yako nikiwa peke yangu malishoni. Nilidhani utaniambia jambo baya. Hili ndilo la kukufanya ujifiche nyuma ya rafu? Ng'ombe akianza kulamba udongo hatumpigi. Tunajua mwili wake unatafuta kitu, tunampeleka penye chumvi, analamba, anapona. Wewe ni mtoto wa wafugaji, mwili wako umekumbuka.

Lakini udongo wa nyuma ya bweni ni mchafu. Paka wanapita hapo, na wanafunzi pia, nawajua wanafunzi. Kwa hiyo nimeshuka mwenyewe mpaka bondeni kule penye udongo mweupe ambao ng'ombe wetu wanaupenda. Nimechagua madonge mazuri, nimeyaanika, nimeyafunga kwenye mfuko, anao Piusi. Kula huu. Utajisikia uko nyumbani.

Damu wachukue, nimeruhusu. Ila uwaambie wasichukue nyingi. Sisi tukimtoa dume damu tunamziba na kumwacha apumzike, sijui kama wao wana adabu hiyo.

Mama yako sijamwambia kuhusu udongo.

Baba yako,
Koinet

*

Karatu
2 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini baridi imepungua na yule ndama mwekundu bado ni mkorofi. Mfuko umefika salama, asante.

Waliochukua damu wana adabu. Muuguzi anaitwa Germana, ni mtu wa Rhotia, ana sauti kubwa. Alifunga mpira juu ya kiwiko changu, akasema, "Angalia kule dirishani, bibi, huku hakukuhusu." Lakini niliangalia. Damu ilipanda kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, polepole, kama na yenyewe ina usingizi. Nilifikiri itakuwa nyekundu sana. Kwangu ilionekana kama chai iliyowekwa rangi.

Majibu yamekuja. Sukari ni sawa, figo ni sawa, virusi hakuna. Wingi wa damu ni 7.6, na msichana wa umri wangu anatakiwa afike 12. Akiba ya chuma karibu imekwisha kabisa. Daktari alieleza kwamba chuma ndicho kinachobeba hewa ndani ya damu, na mimi natembea na wabebaji wachache. Nilifurahi, Baba, usinishangae. Mwaka mzima nimeambiwa mimi ni mvivu, na sasa kuna namba.

Nimepewa vidonge vya chuma. Wakinipima tena damu lazima iwe imepanda. Mkuu wa shule amesema isipopanda hadi likizo ya Juni nitarudi nyumbani nikapumzike, na mtihani wa Kidato cha Nne nitaufanya mwakani na wadogo zangu wa Kidato cha Tatu. Sitaki kurudi, Baba. Nikirudi kwa uchovu huu sidhani kama nitatoka tena.

Udongo wako naula kila siku. Ni laini, unayeyuka ulimini, na nikifumba macho nasikia kengele za ng'ombe zikishuka kilima. Muuguzi sijamwambia.

Mwanao,
Nasieku

*

Nainokanoka
24 Machi 2025

Nasieku,

Sisi wazima wote. Mvua kubwa imeanza na Piusi alikwama na lori lake kwenye tope, kwa hiyo barua hii itachelewa.

Nimefurahi kwamba ugonjwa umepata jina. Nimewaambia wazee wenzangu, binti yangu anatibiwa na vidonge vya hospitali na udongo wa nyumbani, pande zote mbili. Kasaine akasema, "Basi huyo atapona mara mbili." Tukacheka sana.

Nimekutumia mfuko mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza. Usiugawe kwa hao wanaocheka.

Baba yako,
Koinet

*

Karatu
13 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Niambie kwanza kama mmevuka salama kwenye mvua hii, na kama nyumba haivuji upande wa Mama.

Nimeanza barua hii mara nyingi.

Nimepimwa tena. Ni 7.5. Vidonge vyote nimemeza, sijaruka hata siku moja, na damu haijapanda, imeshuka. Germana alitazama karatasi, akanitazama mimi. "Unavimeza, au unawalisha kuku wa jikoni?"

Nikasema, "Navimeza, Sista."

"Damu inasema huvimezi."

"Navimeza kweli."

"Sasa nimwamini nani, wewe au damu yako?"

Nilitaka kunyamaza kama kawaida yangu. Lakini nilifikiri kuhusu Juni, nikamwambia. Nilisema nakula udongo, nikatoa donge mfukoni mwa sketi nikaliweka mezani kwake. Nilidhani atapiga kelele hospitali nzima isikie. Badala yake sauti yake ikawa ndogo. Akasema wapo wengi, na wote wanadhani wako peke yao.

Kisha akanieleza. Mtu aliyepungukiwa na chuma anatamani udongo, hapo hukukosea, mwili unatafuta. Lakini mwili hauna uwezo wa kupata chuma kwenye udongo huu. Kinyume chake, udongo unakishika chuma cha vidonge na cha chakula tumboni, unatoka nacho, na damu inabaki na njaa. Na mtu anavyozidi kupungukiwa, ndivyo anavyozidi kuutamani.

Baba, ulishuka mpaka bondeni kwa ajili yangu. Ulichagua madonge, ukayaanika. Sijui namna ya kukuandikia hili bila kukuumiza, kwa hiyo naliandika lilivyo. Udongo wako ndio uliokuwa unanizuia kupona. Tafadhali usiutume tena.

Uliobaki nimempa Germana. Sasa nameza kidonge na chungwa, na chai nasubiri kwanza, maana nayo huzuia chuma. Siku za mwanzo nililala nikilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Harufu ya mvua bado inaniita.

Nisamehe.

Mwanao,
Nasieku

*

Karatu
4 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Hamjambo nyumbani? Mnada umepita, Piusi amekuja bila barua. Nilimuuliza. Alisema, "Nilimpa mkononi. Akasoma, akakunja, akaondoka na ng'ombe. Hakuniambia hata kwaheri, na mimi nimembebea magunia yake bure."

Kama umekasirika niandikie hasira. Nitaisoma.

Nasieku

*

Nainokanoka
23 Mei 2025

Mwanangu Nasieku,

Sikukasirika. Nilikuwa na aibu, na aibu haina maneno ya kuandika. Nilizunguka nayo malishoni siku nyingi. Nilikuwa nawaza, kama nisingetuma ile mifuko, ungekuwa umepona.

Halafu jioni moja nilimsomea mama yako barua yako, maana mzigo ule ulikuwa umenishinda. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniambia, "Na mimi?"

Nikamuuliza, wewe nini? Akasema alianza kula udongo alipokuwa na mimba yako na hajaacha hadi leo. Na ni kweli, wakati ule nilimchimbia mimi mwenyewe, nikiwa kijana, nikifurahi kwamba mke wangu anataka kitu ninachoweza kumpatia. Baadaye nikasahau. Sikujua anakwenda peke yake.

Nasieku, mama yako amechoka tangu ukiwa mdogo. Akiteka maji anakaa chini njiani mara nyingi. Wengine wanasema Sinyati ni mzito wa mwili, ndivyo alivyo. Nami nilisema hivyo. Nilidhani ndiyo tabia yake.

Nimemweka kwenye lori la Piusi. Mimi siwezi kuacha ng'ombe. Hajawahi kuingia hospitali ya mjini na hataki kuonekana anaogopa. Mpeleke kwa huyo Germana.

Baba yako,
Koinet

*

Karatu
27 Mei 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Mama atakapofika utamuuliza, naye atasema, "Hawakuniona na kitu." Kwa hiyo nakuandikia mimi, na barua hii nampa Piusi akupe mkononi.

Matroni aliniruhusu nikampokea. Alishuka kwenye lori amevaa shanga zake zote kama anakwenda harusini. Njiani tulisimama mara tatu. Kila tukisimama alijifanya anatazama nguo za dukani, nikajua anachofanya, nami nikatazama nguo pamoja naye.

Germana alimwamkia kwa heshima, akamweka kitini. Mama akaniuliza kwa Kimaa kama inauma. Nikasema kidogo. Akanishika mkono kwa mkono wake wa pili, akatazama dirishani bila kuambiwa.

Walitupima sote wawili asubuhi hiyohiyo. Yangu imefika 9.4. Germana alipiga meza akasema kwa nguvu, "Damu imeamka!" na watu wa kwenye foleni wakageuka. Daktari amesema nikiendelea hivi hakuna sababu ya kunirudisha nyumbani, na amemwandikia Mkuu wa shule.

Ya Mama ni 5.9.

Baba, nilidhani mimi ndiye mgonjwa wa nyumba yetu. Kwa damu hiyo alikuwa akibeba ndoo kupanda kilima, na akanizaa, na akanilea, na akasikia watu wakisema ndivyo alivyo.

Daktari alitaka abaki aongezewe damu. Mama akakataa, akasema ng'ombe, akasema watoto. Sikuwahi kubishana naye maishani mwangu. Nikasema, "Mama, unabaki." Kisha akaanza kuvua shanga, moja moja, akinipa nishike.

Kwa hiyo Piusi anarudi bila yeye. Nilikaa naye mpaka chupa ya damu ikaisha na akalala. Niliweka shanga zake ndani ya sanduku langu nikafunga. Nilimwomba Matroni ruhusa ya kwenda wodini kila jioni baada ya masomo, akanipa. Nikarudi shuleni, nikameza kidonge changu na chungwa, nikaingia darasani.

Mwanao,
Nasieku