Mkono wa Signal

Jumatatu, 5 Novemba 2007

Maabara tena. Nimesaga magome ya mti wa muiri, nikachuja, nikatia maji yake kwenye seli za saratani ya tezi dume. Zimepunguza kasi ya kukua. Nimefurahi kama mjinga. Kisahani cha maabara si mwili wa mtu, na mtu mwenye saratani hiyo ni Baba.

Jumamosi, 10 Novemba

Nimempeleka Baba kudungwa sindano. Akauliza inafanya nini hasa. Alikuwa mtu wa signal kwenye reli, nikamweleza kwa lugha yake: mkono wa signal mlingotini ukinyooka treni husimama, ukishuka hupita. Homoni hushusha mkono, saratani inapita. Sindano huunyoosha. Ameelewa haraka kuliko wanafunzi wangu. "Sawa, Mama." Nina jina la mamake, kwa hivyo mimi ndiye mama. Hunitii akitaka.

Jumanne, 18 Desemba

Amekosa sindano. Nimeambiwa na nesi, si yeye. Anakunywa dawa ya muiri ya mzee fulani, mganga wa Elburgon. Mkojo unatoka vizuri, analala mpaka asubuhi, basi anasema line iko wazi. Nimekasirika. Gome limepunguza uvimbe tu. Mkojo unapita, na saratani nayo inapita. Amesema sindano inamtoa jasho kama mwanamke aliyekoma hedhi. Ataenda baada ya kura.

Ijumaa, 25 Januari 2008

Hakwenda. Sasa hakuna pa kwenda. Barabara zimefungwa kwa fujo za kura, kliniki imefungwa, moshi upande wa mtaa wa Kaptembwa. Tumejifungia ndani. Baba anaumwa na mgongo, chini kabisa. Najua maana yake. Naogopa. Nimechukia gome, nimechukia kura, leo hata yeye nimemchukia kidogo.

Jumatatu, 18 Februari

Amedungwa hatimaye. Daktari ametuonyesha picha. Saratani imeingia kwenye mifupa.

Maabarani seli bado zinapunguza kasi. Sikuandika chochote kwenye daftari la maabara.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kwanza. Baba hali chakula tena. Kila asubuhi huniuliza kama mkono umenyooka, nami humjibu umenyooka. Daktari alisema jana sindano haisaidii tena. Baba alisikia.

Leo ameuliza vingine.

"Mama, bado hujashusha mkono nipite?"

Nimekaa kitandani kwake. Maumivu yake nayaona hata akinyamaza.

"Nimeshusha, Baba."

Amesema asante, akageukia ukuta. Nimeosha sufuria ya muiri. Bado anapumua.