Salamu za Pembeni

Majimoto

Mjukuu wangu Kabula,

Barua yako ya Tabora imenifikia. Huku mpunga umeanza kuchanua, na mjomba wako anakusalimia. Unauliza kwa nini nang'ang'ania upimwe macho na wewe unaona vizuri.

Nyumbani kwetu binti alipiga magoti pembeni ya mkubwa, akasubiri atazamwe ndipo asalimie. Nikiwa msichana, baba yangu aliacha kunitazama. Mbele yake aliona hata kupe kwenye sikio la ng'ombe, lakini mimi nilipiga magoti mpaka yakauma, naye kimya. Nikajua amenichukia. Nikanuna, nikaacha kwenda. Hata alipopofuka, niliamini chuki ilitangulia. Tukamzika hivyo.

Juzi daktari wa Mpanda kanikuta na presha ya macho. Kasema haiumi, huanza kula uoni wa pembeni, inatembea kwenye ukoo. Kilichopotea hakirudi; matone yanalinda kilichobaki tu. Nikalia pale pale. Alidhani nalilia macho yangu.

Kapimwe, mama. Na ukija, usisubiri nikutazame. Piga magoti mbele yangu, nikuone.

Bibi yako