Nimepanga Kompyuta Yako, Daktari

Daktari,

Nimeharibu kompyuta yako. Usishtuke, haijavunjika. Inawaka, inanguruma kama zamani, na bado haikubali kuzimwa mpaka uibembeleze. Nilichoharibu ni kile kilichokuwa juu ya skrini, na mpaka leo sijui kama nimekuharibia kazi au nimekufichua tu.

Wiki mbili baada ya kukuzika nilifungua ofisi yetu, kile chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo pale Lanet. Mtungi wa mbegu za fahali ulikuwa pale pale, na gamubuti zako mlangoni. Wateja wako wa Dundori walikuwa wameanza kupiga simu, na mimi uliyenifundisha kupandisha ng'ombe kwa miaka minne ndiye nimebaki wa kuwaitikia. Nikawasha kompyuta. Unajua mwenyewe ilivyokuwa: vipicha vimejaa skrini nzima kama mahindi yaliyoanikwa, kila kimoja na kamshale kake, njia ya mkato ya kwenda kwenye faili la boma fulani. Vingine vimelaliana. Nilikuwa nikikuomba tuvipange, unanijibu, "Wacha hivyo, msichana. Mimi naona."

Basi mimi sikuwa naona. Nikabonyeza, nikachagua vipangwe kwa majina, na kufumba na kufumbua vikasimama mistari kama wanafunzi paredi. Nilifurahi, Daktari. Nilidhani nimekufanyia heshima.

Alhamisi yake Mama Waithera akapiga simu kabla sijanywa chai. "Mori yangu iko kwa joto tangu asubuhi, inapanda wenzake! Kuja haraka." Ni yule mtamba wake mweusi. Ukimwona kwenye joto asubuhi, jioni unampandisha, ukilala, umechelewa. Lakini mtamba huyo alizaliwa kwa mbegu zetu, na ni wewe uliyenikaririsha kwamba usitoe mrija wa mbegu mtungini kabla hujajua baba yake ni nani, usije ukampa binti mbegu ya baba yake akazaa ndama dhaifu. Nikamtafuta Mama Waithera kwenye skrini. Hayuko. Mafaili yenyewe uliyapa namba tu, mengi mno kuyafungua moja moja kabla ya jioni, na vile vipicha uliviita majina yako mwenyewe: "Bati nyekundu." "Juu ya kanisa." "Mzee wa visingizio." "Wale wa mbwa." Sasa Daktari, Dundori ni nani hana mbwa?

Nilichanganyikiwa kabisa. Kwa hasira nikavikusanya vipicha vyote nikavitupa kwenye folda moja, angalau nipate nafasi ya kupumua. Hapo ndipo nikaona picha iliyokuwa nyuma yao. Miaka minne nimekaa mbele ya hiyo kompyuta na sikuwahi kuiona. Ni mteremko wa Dundori, umeupiga ukiwa kwenye barabara ya udongo wa murami: kanisa, mashamba ya viazi, nyua za misipresi, paa za mabati moja moja hadi juu kabisa. Ndipo nikaelewa ile "Mimi naona" yako: kila kipicha ulikuwa umekiweka juu ya paa la mwenyewe. Ulikuwa unapanda mlima kwa kidole. Na mimi nilikuwa nimewashusha watu wote mlimani, nikawapanga kwa alfabeti.

Nililia, sitakuficha.

Nikampigia Mama Waithera, nikamwomba asubiri wiki tatu mtamba arudi kwenye joto. Alinipa vidonge vyangu. "Daktari angekuwa amekuja na ameenda!" Kisha akakumbuka kwamba kwenda umeenda kweli. Akasema pole, akakata simu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifungua kipicha kimoja kimoja, nasoma jina la mwenye boma ndani ya faili, nakirudisha kwenye paa lake. Kazi ilikuwa inaenda. Hata nilianza kujivunia wewe: huyu mzee alikuwa na akili jamani! Mpaka nilipofika kwa Mama Waithera. Paa lake moja lina vipicha vitano. "Wale wa mbwa." "Wale wa mbwa 2." "Geti ya bluu." "Huyu nani." Na cha tano umekiita "Muulize Chepkemoi."

Vyote vitano vinafungua faili lile lile. Nikaangalia vilitengenezwa lini: vyote ni vya miezi yako ya mwisho, kabla presha haijakuangusha. Ndani ya faili, mtamba mweusi ameandikiwa baba wawili, fahali tofauti, kwa mkono wako mmoja. Na si yeye peke yake. Kufikia sasa nimepata maboma saba ya namna hiyo.

Chepkemoi ni mimi, Daktari. Mbona hukuniuliza?

Au uliniuliza? Nakumbuka pale njia panda, unasimamisha pikipiki, unageuza kichwa. "Haya mwanafunzi, kushoto au kulia?" Nikisema kulia unacheka, "Umeiva!" Ukifika kwenye geti unaninong'oneza, "Na hapa ni kwa nani?" Nami najibu haraka haraka, najiona nimefaulu mtihani. Nilikuwa nikienda nyumbani nikimwambia mama yangu vile unanipima. Sasa sijui. Labda ulikuwa unanipima. Labda ulikuwa umepotea, na mimi ndiye niliyekuwa nakuongoza bila kujua. Labda asubuhi ilikuwa hivi na jioni vile. Nawaza hili, nawaza lile, nalala nalo, naamka nalo.

Nilikwenda mtaani kwako Section 58 kumwuliza mkeo. Alikuwa akikunja mashati yako. Alisema ulikuwa mchovu tu. Nikamwambia juu ya vipicha vitano. Hakuinua macho. Akasema, "Chepkemoi, jina lake ndilo tumebaki nalo. Tafadhali."

Nami sitaki kuligusa jina hilo, wewe wajua. Lakini kuna mitamba Dundori wenye mimba, na sijui ni mimba za nani. Watu wale wanalipa karo kwa maziwa. Nikinyamaza, ndama wakizaliwa vibaya watadhani ni bahati mbaya, na mwaka ujao tutarudia.

Nimeagiza mbegu za fahali mgeni, ambaye hana mtoto hata mmoja kwenye mlima ule. Kesho mtamba mweusi anatarajiwa kwenye joto, na ninakuahidi nitafika kwa wakati. Nikimaliza kumhudumia nitamwambia Mama Waithera kwamba miezi ile Daktari alikuwa akisahau. Nimemchagua yeye wa kwanza kwa sababu kabla ya jua kutua Dundori nzima itakuwa imesikia, na mimi sina moyo wa kulisema jambo hili geti baada ya geti.

Nisamehe. Wakiniuliza mimi nilikuwa wapi, nitawaambia nilikuwa nimekaa nyuma yako, nimekushika koti, na sikuona.

Pumzika, Daktari.

Mwanafunzi wako,
Chepkemoi