Anayemwaga Maji ya Samaki

Kitindamimba wangu,

Usipite sebuleni na soksi, kumelowa. Waya wa taa ya samaki nimeupandisha kitini, usiuguse. ~~Ukirudi shule kausha sakafu.~~ Acha, nitakausha mwenyewe.

Asubuhi nimebadilisha maji ya tangi la samaki, nikajaza hadi ukingoni kama kawaida yangu. Nilipoinua kopo la chakula, yule mwekundu akachapa mkia, pwaa! Nikalificha kopo, akatulia. Nikalitoa, akamwaga tena. Nikarudia mara nne, nataka kuelewa!

Kumbe wiki zote hizi ulipoapa si wewe unayemwaga maji, ulisema kweli, nami nikakunyang'anya kazi ya kuwalisha. Nisamehe. Kopo hili hapa, ni lako. Ile mara ya nne alinilenga usoni. Nadhani alikuwa analipiza kisasi kwa niaba yako.

Mama yako, aliyelowa chapachapa