Kwa Mama, Aliyeifundisha Kompyuta Kutazama Mawingu

Mwaka umetimia, Mama, tangu tulipokusindikiza, na bado kuna siku mlango unagongwa tukadhani ni wewe umesahau ufunguo tena.

Ulikuwa mwanafizikia wa angahewa, na mtu wa maswali. Kazini uliwafundisha vijana kuifanya kompyuta isome picha za mawingu na kubashiri mvua, ukawaonya wasiridhike kwamba imepatia, wachunguze imepatia kwa kutazama nini. Nasi tukileta alama nzuri, hukutupongeza kabla hujajua tumezipataje. Tulikununia sana. Sasa tunawasumbua wanetu vilevile.

Tunakumbuka ulivyofunga kamera uani, ukaifundisha kompyuta ya sebuleni kwa picha za anga letu. Ikawa inapatia kila asubuhi, nawe ukawa unatutambia mezani. Ulipochunguza, ukakuta mawingu haina habari nayo. Ilikuwa inatazama kamba ya nguo pembeni mwa picha: Baba akianika, inasema hakuna mvua; kamba ikiwa tupu, inasema itanyesha. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukatengeneza nyingine ya kutazama anga tu, ukaipeleka kazini. Hii ya kamba ukakataa kuifuta, ukasema ndiyo pekee humu ndani inayomsikiliza mumeo.

Ulipoondoka, Baba hakuweza kukanyaga uani. Nguo akawa anazitandaza ndani, juu ya viti na milango. Na kompyuta yako, hata jua likiwaka, kila siku ikawa inasema itanyesha. Dada yako alitaka kuizima, akiona inamtonesha shemeji yake kidonda. Baba akamzuia.

"Iache, shemeji. Kwani imekosea wapi?"

Mwezi uliopita alifungua mlango wa uani mwenyewe. Akaanika koti lako la kazini, peke yake kwenye kamba. Kompyuta ikasema hakuna mvua. Mchana ikashuka mvua ya kufa mtu. Tulikimbia kuanua, tukamkuta Baba amesimama kando ya koti, ameloa chapachapa, anacheka huku analia.

"Mama yenu angetuuliza ilikuwa inatazama nini," alisema.

Tangu hapo koti linaanikwa kila Jumamosi, liwe limevaliwa na mmoja wetu au halikuvaliwa.

Unakumbukwa na mumeo, watoto wako, wajukuu, dada yako na vijana wako wa kazini. Liwake jua, inyeshe mvua, hatutakusahau, Mama.