Mtapo Wenye Mlinzi

Shangazi, shikamoo kutoka Johannesburg, kwenye baridi ya kunivalisha kanga juu ya koti.

Leo, baada ya mkutano wetu wa misagu na miti mingine ya unga, nilipita mtaa wa Troyeville. Mbele ya jengo moja la kupanga nikaona mtapo na majani yake kama ya mnazi, ndugu kabisa wa huo wetu wa Tanga! Mkono ukaniwasha. Nikagonga shina nisikie kama limejaa unga, nikatoa na futi nipime. Mara mlinzi, Mkongomani, akaja mbio: "Mama, acha iyo muti! Watu wanaiba!"

Nilipomjibu kwa Kiswahili alicheka. Akaniambia ndani ya shina wamefukia kidude cha kuutambua ukiibwa. Nami nikamsimulia jinsi bibi, wakati wa njaa, alivyokata mmoja wa kwetu, akauloweka siku nyingi utoke sumu, tukasonga ugali. Akauliza, "Na sasa kwenu inabakia ngapi?"

Shangazi, kazi yangu ni kuhesabu miti, na mitapo ya kwetu sijawahi kuihesabu.

Mtapo huo wa nyuma ya jiko, tuliopanga kuukata nikirudi, tafadhali uache. Banda la kuku tutajenga pengine. Magoti yako yapoe.

Mwanao, Mwanaidi